Maua Marefu Yanayonukia

Jumatatu, 16 Juni

Daftari hili nimepewa na binti yangu Jaha, muuguzi kule Lamu. Alisema presha yangu inapanda kwa sababu nahesabu maudhi wala sihesabu neema. Kila nikiandika, niweke angalau jambo moja la kushukuru. Nikamwambia mimi, Fumo, ni mtu wa shukrani tangu kuzaliwa. Akasema basi haitanipa taabu.

Haya. Juzi Jumamosi Jaha kajifungua mtoto wa kike, salama salimini. Mjukuu wangu wa kwanza! Nililia mbele ya muuza mkate. Akadhani nimefiwa, akaniongeza mkate wa pili. Nashukuru kwa mjukuu. Nashukuru na kwa mkate.

Jana mke wangu Zainab kapanda basi kwenda kumlea mzazi siku zake arubaini. Aliniachia amri moja tu. Si kupika, maana anajua. Si kufagia. Nimwagilie mwasumini wake asubuhi na jioni, nisiuguse kwa jambo jingine lolote. Mwasumini huo ulipandwa na marehemu mama mkwe hapa mbele ya nyumba yetu, mtaani Shela, Malindi, kabla Jaha hajazaliwa. Maharusi wa mtaa mzima wamevaa asumini zake. Arubaini ikitimia, Jaha na mtoto wataletwa hapa, na Zainab atamtungia binti yake koja la asumini na kikuba cha kifuani, maua ya mti uleule aliotungiwa yeye alipomzaa Jaha. Alilirudia neno hilo kupitia dirisha la basi. Nusura wamfungie kidole.

Kazi gani hiyo! Mtu mzima na akili zangu, kumwagilia kichaka.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwagilia. Kazi imekwisha saa moja na robo asubuhi. Siku bado ndefu.

Zamani nilikuwa sina nafasi. Mabango ya mji huu niliyaandika mimi kwa mkono: buchari, vinyozi, maduka ya dawa. Sasa watu wanachapisha ya plastiki kwa mashine, na herufi hazina mwenyewe. Leo nimesoma "WATEJA WOTE MNAKALIBISHWA". Nikajikuta natafuta brashi mfukoni.

Nikapita uchochoro wa nyuma wa hoteli moja ya ufukweni. Nikaona! Ukuta mzima wa maua ya njano. Marefu, yananipita mimi na kofia yangu. Ua moja sawa na kisahani cha kahawa, lina majani ya njano pande zote na jicho katikati, kama alizeti iliyofunzwa adabu. Chini yake wanawake wawili wa jikoni wanapigana picha, wanageuza shingo huku na huku. Bahari iko hatua mia, hawaitazami.

Akili ikaamka. Bibi harusi wa siku hizi anataka picha kwanza, mengine baadaye. Nani Malindi ana ukuta wa maua ya njano wa kupigia picha? Hakuna. Nani atakuwa nao?

Nashukuru kwa kupitishwa uchochoro ule. Nilikuwa namkimbia mbwa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemwona mtunza bustani wa hoteli. Bwana Ochola, mtu wa Siaya, mpole, Kiswahili chake kinahitaji fundi. Kumbe ukuta ule unang'olewa wiki hii, wanataka mahali pa kuegesha magari. Kasema nichukue nitakayo, bure. Bure! Moyo ulinidunda hadi nikamkumbuka Jaha.

Nikamuuliza sifa za ua hilo. Kasema linakaa miaka na miaka, likikatwa linarudi, jua halilitishi. Kwao limeota kando ya kila barabara. Masikini, watu wa kwao hawajui bahati waliyo nayo. Kisha akanitahadharisha kwamba majani yake yakivunjwa yananuka. Nikamrekebisha kwa upole. Yananukia, Bwana Ochola. Kunuka ni kwa samaki aliyelala. Ua hunukia. Akajikuna kichwa, akasema hapana mzee, yananuka. Nikachukua kijiti, nikamwandikia mchangani, ile I nikaikoleza. Akatazama I, akanitazama mimi, akasema sawa mzee, yananukia. Mtu msikivu sana.

Nikauliza jina. Kasema kwao huitwa maua makech, yaani machungu. Nikamrekebisha na hapo. Machungwa. Rangi yenyewe yashuhudia. Hakubisha tena, akaniuliza tu kama nimekunywa maji leo, jua ni kali.

Nashukuru kwa lugha fasaha. Wangapi wanadanganyika mjini kwa kukosa herufi moja!

Ijumaa, 20 Juni

Baada ya swala, tuktuk mbili zimeleta maua. Mashina kumi na manne, mizizi na udongo wake, mengine yana vitumba tayari.

Tatizo ni nafasi. Mbele ya nyumba pana hatua sita, na mwasumini umekalia nne. Nyuma kuna tangi la maji na choo, hakuna jua wala bibi harusi wa kwenda huko. Nikakaa kwenye baraza nikafikiri kwa haki. Nisiuguse, alisema Zainab. Sikuugusa. Niliutia jembe.

Mizizi yake! Imeshika ardhi kama dai la urithi. Nimeukata nusu kwa nusu. Nusu moja nimeitia kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini, nikaiweka nyuma karibu na tangi, mahali penye kivuli na utulivu. Nusu ya pili, ile kubwa, ilikataa kuingia ndooni. Nikaitupa ng'ambo ya ukuta kwa mbuzi wa jirani, iwe sadaka.

Jirani mwenyewe ni Kadii, mjane kutoka Marafa aliyehamia mjini na mbuzi watatu na jembe. Tumegombana juu ya mbuzi hao tangu mwaka juzi. Akachungulia juu ya ukuta. Shikamoo Baba Jaha. Marahaba. Akauliza kama Mama Jaha ana habari. Nikamjibu kwamba mimi na Mama Jaha ni kitu kimoja. Akasema ndiyo maana auliza.

Nashukuru kwa ukuta.

Jumatatu, 23 Juni

Maua yamenywea yote kumi na manne. Yameinama kama waliofumaniwa.

Bwana Ochola kaja mwenyewe baada ya kazi, sikumwita. Kapunguza majani ya chini, kashindilia udongo, kamwaga maji kwa mpango. Kasema yatasimama. Nikataka kumpa kitu, akakataa, akaomba chai tu. Nilimpa chai na ule mkate wa shukrani, ulikuwa umekauka kidogo. Mungu ambariki mtu yule. Sijui nimemfanyia nini.

Majani yaliyokatwa yalijaa gunia. Kadii akachungulia tena, akayaomba. Nikajua: wivu! Anataka kuniiga, anadhani majani yataota. Nikamwambia hayatolewi. Lakini baada ya saa moja yale majani yakawa na harufu, sijui mbuzi wake alipita wapi, basi nikamrushia gunia zima. Nimewaona yeye na Ochola wakinong'ona langoni, wanalichungulia gunia. Watafute siri yangu mpaka wachoke.

Jumapili, 29 Juni

Yamesimama! Ua la kwanza limefunguka leo asubuhi, limenitazama moja kwa moja usoni. Nikalisalimia.

Nimetoa brashi zangu. Bango la mbao, herufi nyekundu, nilivyofundishwa na marehemu baba: MAUA YA MACHUNGWA YANAYONUKIA. MAHALI PA PICHA ZA HARUSI. Rangi ilikuwa kidogo nikaipunguza makali kwa maji ili itoshe. Ile I ya YANAYONUKIA niliiacha mwisho kwa heshima yake, na ilipofika zamu yake kopo lilikuwa na maji zaidi kuliko rangi. Haidhuru, inasomeka ukisimama karibu.

Nashukuru kwamba mkono haujatetemeka. Kwa kweli nashukuru. Miaka mitatu sijaandika bango, na leo nilipomaliza nilikaa nikalitazama mpaka adhuhuri.

Jumanne, 8 Julai

Zainab kapiga simu. Mtoto ananyonya vizuri, analia vizuri, amepewa jina la mama mkwe. Akauliza habari za mwasumini. Nikasema uko mahali pazuri, penye utulivu. Si uongo. Akasema haya, Baba Jaha, kama wasema uko pazuri.

Nilikwenda kuutazama. Nilikuwa nimeusahau siku tatu. Nne. Umebakiwa na majani matano, na moja lilianguka nilipokuwa nahesabu. Nimeumwagia ndoo nzima ya maji kufidia. Ndoo yenyewe haina tundu, maji yamesimama juu kama bakuli la uji.

Nashukuru kwamba simu yangu haina picha.

Jumamosi, 12 Julai

Wateja wa kwanza! Bibi harusi, Pamela, katoka kanisani na shela lake na shangazi yake Gladys wa Matsangoni, na mpiga picha, na watu wawili wa kushika shela. Ukuta wangu umechanua wote, njano tupu, uzuri wa kutoa machozi.

Gladys akasimama mbele ya bango akalisoma kwa sauti. MAUA YA MACHUNGWA YANAYONUKA. Nikacheka, nikamrekebisha. Akanionyesha kwa kidole. Mvua ya jana usiku! Imechukua I yangu na kuacha nyingine zote.

Nikaona heshima yangu inapotea mbele ya watu. Nikasema mama, maneno ni maneno, pua ndiyo shahidi. Nikachuma konzi ya majani na maua, nikayasugua viganjani barabara, kama afanyavyo Zainab na mrehani, nikamsogezea bibi harusi puani.

Kunuka kuko namna nyingi. Hii ilikuwa kama dawa ya minyoo iliyomwagikia soksi. Pamela aliuliza kwa adabu kama kuna kitu kimekufa. Kisha nyuki, ambao walikuwa wametulia kwenye maua hawana habari na mtu, wakataka kujua nani anavunjavunja nyumba yao. Watu wakakimbia. Kofia yangu ikakimbia. Juu ya gauni jeupe kukabaki viganja viwili vya kijani, vya kwangu.

Wamekimbilia wapi? Kwa Kadii! Nimewaona vichwa tu juu ya ukuta. Picha zimepigwa huko, gauni limegeuzwa upande. Na nimemsikia Gladys kwa masikio yangu akisema hapa ndipo panaponukia. Kwa mbuzi! Watu wa siku hizi hawana pua.

Nashukuru: nimeumwa na nyuki watatu tu, na mmoja ni kwenye kisigino ambacho hakisikii sana.

Jumapili, 13 Julai

Bwana Ochola kaja kuniletea vitunguu vya kupaka. Nikamlaumu kwamba hakuniambia. Akaniuliza kama nakumbuka siku ile ya kijiti.

Sikumbuki kijiti chochote.

Jumatatu, 21 Julai

Wanakuja Ijumaa. Zainab, Jaha, mtoto. Zainab kasema amekwisha nunua uzi wa kutungia.

Mwasumini hauna jani hata moja. Nimekwaruza gamba kwa ukucha, ndani ni kahawia. Nikajaribu tawi jingine. Kahawia. Nimekaa juu ya tangi sijui kwa muda gani.

Leo sina mzaha. Naogopa. Nilikuwepo siku ile Zainab alipotimiza arubaini ya Jaha. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, koja shingoni, na mama yake anamfunga kikuba huku akiimba kwa sauti mbaya kabisa. Nilisimama mlangoni nikasema moyoni, nyumba hii haitanukia vizuri zaidi ya leo. Mama yule amekwenda. Kilichobaki chake kilikuwa mti ule, na mimi nimeutia ndooni kando ya choo.

Shukrani ya leo sijaiona. Jaha anisamehe.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeiona! Nashukuru kwa usingizi, maana nilipoamka nilikuwa na mpango.

Sokoni kuna mama anauza asumini. Nitanunua mbichi kesho alfajiri, nirudishe mwasumini mbele, nifunge maua moja moja kwenye vijiti kwa uzi mweupe. Na majani? Nitafunga majani ya mlimau. Mtu aliyesafiri njia nzima na mtoto mchanga atakuwa na macho ya kuchunguza fundo?

Ijumaa, 25 Julai

Nafunga tangu alfajiri. Maua mia na kumi na mawili. Vidole vyangu vya mabango havikuumbwa kwa kazi hii. Mwasumini nimeuweka kati ya mashina ya njano, ndoo nikaifukia. Ukiutazama kwa mbali, kwa jicho moja, haujambo.

Wamefika saa sita. Kwanza nimepewa mtoto. Mwepesi, wa moto, ana nyusi za hasira za bibi yake mzaa mama. Nikasahau kila kitu. Ningeweza kufa hapo nikiwa na furaha, na pengine ingekuwa afadhali.

Zainab kasimama mbele ya maua ya njano. Kasoma bango hadi mwisho. Kisha akausogelea mwasumini, akachuma ua moja. Likaja na uzi. Akavuta. Yakaja mengine manne, na jani la mlimau. Akaniuliza, polepole, tangu lini mti huu umeanza kushona.

Nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya upepo na mbolea. Hayakutoka. Nikasema nimeuua, Mama Jaha. Nimeukata na jembe kwa ajili ya haya maua, nimeuweka kando ya choo, nimeusahau, nimeuua. Mti wa mama yako. Nisamehe. Nikaona Jaha anageuza uso. Sijawahi kujisikia mdogo hivyo mbele ya mtoto wangu.

Mtoto akapiga chafya.

Hapo ndipo Kadii akabisha hodi. Kaingia na sinia kichwani limefunikwa kanga. Akalitua, akafunua. Asumini! Nyeupe, mbichi, zimejaa mpaka ukingoni, na nyumba nzima ikanukia mara moja.

Ile nusu niliyowatupia mbuzi, mbuzi hawakuigusa. Kadii aliipanda jioni ileile. Bwana Ochola akamfundisha: yale majani ya maua ya njano, ukiyafukia shinani, ni mbolea ambayo kwao wakulima hawaibadilishi na ya dukani. Gunia langu zima lilikwenda chini ya mwasumini. Nusu hiyo imechipua, imejaa vitumba, imemnukizia Pamela picha zake. Kumbe palinukia kweli.

Na Zainab alijua. Tangu siku ya jembe! Kadii alimpigia simu kabla sijanawa mikono. Zainab akamwambia unyamaze, dada, tumwone atakavyosema. Amengoja siku thelathini na tano aone kama nitasema. Nikamuuliza, na ningenyamaza? Akasema ningekushonea sanda kwa uzi wako.

Kisha akacheka. Ni kicheko chake kile cha tumbo, ambacho sijakisikia tangu Juni. Jaha akacheka, Kadii akacheka mpaka akashika ukuta.

Wametunga alasiri yote barazani, Zainab na Kadii, uzi mmoja huku na huku. Jaha kavaa koja. Zainab kamfunga kikuba kifuani na akaimba. Sauti ni mbaya vilevile kama ya mama yake. Nilisimama mlangoni, pahali palepale. Nililia tena. Safari hii hakuna aliyenipa mkate, ila Kadii kanipa leso.

Nashukuru kwa Kadii. Nashukuru kwa mbuzi wake watatu wenye akili kunishinda. Nashukuru kwa Bwana Ochola. Nashukuru kwa mwanamke aliyengoja nimwambie ukweli, na bado yuko hapa.

Jumatano, 30 Julai

Amani tupu. Jumapili tumerudisha mwasumini mahali pake, mimi, Ochola na Kadii, na kipande kimoja tumemwachia Kadii kwa haki yake. Maua ya njano yamehamia ukutani nyuma, yanaficha choo, yanapendeza kweli. Zainab mwenyewe kayasifu kutoka mbali. Leo asubuhi kamsindikiza Jaha na mtoto Lamu, atarudi baada ya wiki mbili. Kaniachia amri moja tu.

Nimejifunza. Naliandika hapa lisomwe: mtu asikilize anayejua kazi yake.

Ndiyo maana nilimsikiliza sana Bwana Ochola jioni hii kwenye chai. Kasema majani yale, ukiyaloweka kwenye pipa la maji wiki mbili, yanatoa mbolea ya kumimina, mboga zinaruka. Wiki mbili! Hesabu inakubali yenyewe. Malindi nzima, nani anauza mbolea ya maua? Mapipa mawili makubwa nimeshayapata kwa fundi wa magari, nayo yanataka jua la kutosha, na jua liko mbele ya nyumba. Mwasumini ukisogezwa hatua moja tu, kwa upole, hautajua kitu.

Akanitahadharisha kwamba pipa likifunguliwa, mbolea hiyo inanuka. Nikamrekebisha kwa upole.

Nashukuru kwa marafiki, nashukuru kwa afya, nashukuru kwa ubao uliobaki. Bango linakauka: MBOLEA INAYONUKIA. Safari hii ile I nimeipiga kwa rangi ya mafuta.